Nani Alikufanyia Hesabu Hizi?

Programu yangu niliiandikia nyumbani kwetu Matisi, Kitale, katika chumba cha nyuma, mama akikaanga mandazi upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia. Kazi yangu ilikuwa kuigiza kwa kompyuta atomi ya hidrojeni ikigonga dhahabu, nione inapoteza nishati kiasi gani.

Mama alitaka kujua maana yake. Nikamwambia awaze gololi ikigonga jiwe kubwa. Jiwe halisukumiki, kwa hivyo gololi ingerudi na karibu kasi yake yote. Lakini atomi hairudi hivyo. Ndani ya dhahabu kuna elektroni, chembe nyepesi mno zinazozagaa kila mahali, na hizo ndizo huinyang'anya nishati kwa msuguano.

"Kumbe ni wezi," mama akasema, akageuza mandazi.

Kazi hiyo niliipeleka kwenye kongamano la wanafunzi katika hoteli moja mjini Bungoma. Mgeni wa heshima alikuwa profesa mstaafu kutoka mbali. Mwanafunzi mwenzangu wa kiume, mwenyeji wa Kabuchai, aliniunganishia projekta kisha akaketi mbele. Nilipomaliza kueleza, profesa alimgeukia yeye.

"Kijana, huu msuguano wa elektroni umeupataje?"

Mwenzangu alibabaika. "Prof, hiyo ni kazi yake. Mimi nimeunganisha projekta tu."

"Ni vizuri kumpa dada nafasi ya kuzungumza," profesa akasema huku akitabasamu. "Lakini hesabu zenyewe, nani alimfanyia?"

Alimuuliza yeye, nami nimesimama pale na maikrofoni mkononi. Watu wakacheka.

"Nilizifanya mwenyewe," nikasema. "Niulize mimi."

"Usikasirike, binti yangu. Nilikuwa natania."

Mwenyekiti alitaka tuendelee na anayefuata. Nilikataa kuketi. Nilifungua programu mbele yao, nikaziondoa elektroni kwenye hesabu. Atomi ikaruka na karibu nishati yake yote. Nikazirudisha, ikatoka imechoka. Nilipoinua macho nimjibu profesa, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameenda kunywa chai.

Mhadhiri mmoja wa kike aliniuliza ingekuwaje dhahabu ikipashwa moto. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo, akaandika kitu na kuniomba nimtafute. Swali hilo ndilo lililonipa sura ya mwisho ya tasnifu yangu.

Nyumbani nilimsimulia mama yote. Aliweka mwiko chini.

"Ati nani alikufanyia? Na zake yeye, nani alimfanyia?"

Nilifaulu, na sasa ninafundisha. Wenzangu huniambia nisahau, mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Labda. Lakini alikuwa na nafasi ya kunisikiliza, akaitumia kumtafuta mwanamume aliyenifanyia kazi. Radhi hakuniomba, nami sioni kwa nini nijifanye nimesahau.