Marehemu Kwenye Simu ya Jirani

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Darsait, Uarabuni, ni mama wa Kichina anayeuza taa. Baba yake alipofariki kwao hakuweza kwenda kuzika, na tangu hapo tukikutana kwenye ngazi alikuwa akitazama chini. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba mzee ameondoka na kinyongo naye.

Jumamosi moja asubuhi akabisha hodi. Alitueleza, kwa Kiarabu chake cha dukani, kwamba kwao kuna bibi anayepandwa na roho za wafu, na dada yake amekwenda kwa huyo bibi kumwita baba yao. Alitaka kufuatilia kwa simu ya video, ila aliogopa kuwa peke yake. Mimi niliona ni shirki na upuuzi kwa pamoja, na uso wangu haujui kuficha.

Mama yangu akamkaribisha. Mama haachi sala, lakini shangazi yake kule Unguja alikuwa kiti, mtu anayekaliwa na pepo, na mambo haya yanamkosha kuliko tamthilia za Kituruki. Akafukiza ubani mbele ya simu. Nikamwambia moshi haufiki China. Akanijibu kuwa ni adabu, maana kuna mgeni anakuja.

Kwenye simu tukamwona bibi ameinamia bakuli la mchele. Akapiga mwayo mrefu, kisha wa pili.

"Huyo keshapanda," Mama akanong'ona, kabla jirani hajatafsiri chochote. Kumbe hata China wanaanza kwa mwayo. Nilicheka, nikafinywa.

Sauti ya bibi ikawa nzito. Jirani akasikiliza, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Nikamuuliza mzee amesema nini kuhusu mazishi.

"Hajayataja," akajibu. "Anauliza kama huku ninakula vizuri."

Mama akaisogelea simu. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Anakula kwetu."

Uongo mtupu. Yule mama hakuwahi kuonja hata andazi letu. Nikamtafsiria hivyo hivyo kwa Kiarabu, naye akamwambia baba yake, na bibi akaitikia kwa kichwa. Jirani akacheka huku analia, nami nikafurahi kwa ajili yake, shirki au si shirki.

Mama alikuwa keshanigeukia.

"Hebu kapakue wali," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nnaona haya kumdanganya maiti."