Maji Yaliyotuzunguka Norfolk

Siku tuliyokwenda Norfolk, pwani ya mashariki ya Uingereza, naikumbuka mpaka rangi ya ndoo, mwanangu. Ilikuwa ndoo nyekundu ya plastiki, na Bi Zuhura aliipakata kutoka Walthamstow, mtaani kwetu London, hadi baharini kama mtoto mchanga. Naisimulia leo kwa sababu nyinyi vijana mnaokwenda huko Jumamosi mmenijia na simu zenu, mnataka niwaambie huko kuna nini cha kuona na cha kula. Nitawaambia, lakini mtanisikiliza mpaka mwisho, na chai ikipoa tutapasha nyingine.

Cha kula kwanza, maana nawajua. Kuna kaa. Wanamchemsha, wanachambua nyama yote, kisha wanairudisha ndani ya gamba lake, nawe unapewa na kipande cha limau na mkate wenye siagi. Kuna chipsi za kumwagia siki. Zileni mkiwa mmeupa ukuta mgongo, maana ndege wa kule ni wezi wasio na haya. Kuna mboga ya kijani inayoota kwenye tope la chumvi, hiyo msiitie chumvi tena. Cha kuona, pandeni boti mkawatazame sili, wale wanyama wanene wenye masharubu wanaolala mchangani na kukukodolea macho kana kwamba wewe ndiye uliyeletwa kuonyeshwa. Na kuna vibanda vya mbao vya rangi rangi, watu wamekaa ndani wanakunywa chai na mvua inanyesha, na wanasema wanafurahia bahari. Hilo lilinishangaza, na linanishangaza hadi leo.

Sasa bahari yenyewe.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimekulia ziwani, nikajua kuogelea kabla sijajua kusoma, ila ziwa letu ukiliacha jioni unalikuta pale pale asubuhi. Wakati ule nilikuwa msichana mgeni London, nafanya kazi ya kutunza wazee, na Bi Zuhura wa Pemba ndiye aliyenipa chumba na kunifanya mwanawe. Wanawake wa mtaani kwetu walikodi basi, pilau ikafungwa kwenye mahotpoti, tukaenda. Tuliposhuka nilitafuta bahari nisiione. Kulikuwa na tope na mchanga mpaka macho yakachoka.

"Mama, maji yamekwenda wapi?" nikamuuliza.

Bi Zuhura alicheka hadi akashika kiuno. "Yamekupwa, mwanangu, yatarudi. Mie nachokoa chaza tangu meno ya utoto hayajanitoka. Leo nitakufunza."

Ukingoni palikuwa na ubao wa kuonya watu. Nikasimama niusome. Akanivuta mkono. "Twende, huo wamewaandikia watu wa bara." Mimi ndiye huyo mtu wa bara, lakini nilimfuata.

Kwao, alikozoea yeye, maji hujaa kutoka mbele. Unainama unachokoa, unayaona yanakuja, yakikaribia unabeba ndoo yako na kurudi nyumbani yakiwa bado mbali. Kwa hiyo alifanya alivyofunzwa na mama yake, akauelekeza uso wake baharini. Tulivuka mtaro mpana, mkavu, wenye tope kidogo chini, tukaenda mbali sana. Chaza walikuwepo, wa magamba mawili, wadogo wa mviringo, wamefukiwa juu juu tu. Bi Zuhura akawa anaimba. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha ya namna ile hapa London.

Mimi sikuwa na mazoea, kiuno kiliniuma, kila mara nikawa nainuka. Katika kuinuka huko nikageuka, nikaona ule mtaro tuliovuka unang'aa.

Mwanangu, niliona. Nataka ulishike hilo kabla sijaendelea. Niliona maji nyuma yetu ilhali mbele yetu mchanga ulikuwa bado mkavu, na neno likanijia mdomoni. Kisha nikamtazama yule mtu mzima, mzaliwa wa pwani, mtu anayenilisha, nikasema moyoni, wewe wa ziwani utamfundisha Mpemba bahari? Ndivyo nilivyolelewa, kwamba mkubwa hasahihishwi. Nikainama nikaendelea kuchokoa.

Nilipogeuka tena, mtaro ulikuwa mto.

Kule ukingoni mwanamke mmoja mwenye mbwa alikuwa anapiga kelele na kupunga mikono yote miwili. Bi Zuhura akainuka, akatazama mbele, akaona mchanga mkavu, akatabasamu. "Anatusalimu," akasema. Ndipo akageuka. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikuwa anaitazama bahari mahali ambapo bahari haikutakiwa kuwepo.

Tulikimbia kadiri tope lilivyoturuhusu. Yule mwanamke akatuonyesha kwa mkono tusivuke pale, twende juu zaidi. Tukaingia majini. Baridi ilinikata pumzi, maji yakatufika kifuani, na yalikuwa yanavuta. Hapo katikati Bi Zuhura akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mie sijui kuogelea."

Nilidhani watu wa pwani wanazaliwa wanaogelea. Kumbe yeye bahari aliijua kwa miguu, maji ya magotini, na hakuna aliyewahi kumfundisha zaidi ya hapo. Nikaikamata kanga aliyojifunga kiunoni, nikaizungushia mkono wangu. Mguu wake ukanasa, maji yakamfika kidevuni, akanitazama. Nikavuta mpaka nikasikia kitu kinachanika, sijui kanga, sijui bega langu. Kiatu kilibaki kule, ndoo ikaenda zake, yeye akatoka.

Mwanamke wa mbwa alivua koti lake akamvika. Alituambia kwamba maji ya pale huingia kwanza kwenye mitaro, huzunguka nyuma ya watu, na kwamba kila mtoto wa kijijini kwao analijua hilo. Alikuwa anatetemeka kuliko sisi.

Pilau haikulika. Ndani ya basi Bi Zuhura alikaa na blanketi mabegani, nami pembeni yake nikawa nasubiri anishukuru.

"Uliona lini?" akaniuliza.

"Niliona nini, mama?"

"Maji. Ulikuwa unageuka geuka. Uliona lini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia niliona mapema, yakiwa bado ya kifundo cha mguu.

"Na ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, mama."

Alinitazama sana. "Wewe ungeogelea," akasema. "Hiyo heshima yako ingenizika mie peke yangu."

Nililia njia nzima, naye hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Lakini yeye pia alibadilika. Tangu siku ile, kila alipotaka kuamua jambo, awe anahama nyumba, awe anaozesha binti, hata akiwa anavuka Hoe Street na mifuko yake ya sokoni, alimgeukia mdogo kuliko wote waliokuwepo na kumuuliza, "Nyuma kuna nini?" Wengine walimwona ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nilimjibu kila mara. Alipougua mwisho wake, wageni walijaa chumbani wakimwambia utapona, utapona. Akanitafuta kwa macho, akauliza, "Nyuma kuna nini?" Watu wote wakaniangalia. Nikamwambia, "Maji yamejaa, mama." Akanibana mkono. Akaomba wanawe waitwe, akaagana nao mmoja mmoja, akawaambia aliyotaka kuwaambia.

Basi nendeni Norfolk, wanangu. Kuleni kaa, muwaone sili. Ubao wa onyo usomeni hata kama mmezaliwa pwani, na kabla ya kukanyaga tope mumuulize mwenyeji. Na wewe uliye mdogo, ukiona maji nyuma ya mkubwa wako, sema. Sema kwa adabu, lakini sema yakiwa bado ya kifundo cha mguu. Juzi mjukuu wangu huyu Neema aliniambia mbele ya wageni, kwa Kiingereza chake hicho, kwamba dawa ninayotaka kumeza nimeshaimeza asubuhi. Mama yake akamkata jicho. Mimi niliirudisha dawa kwenye chupa, nikamshukuru mtoto mbele ya wote.

Mungu awatangulie mbele, na nyuma yenu awawekee mtu mwenye macho asiyeogopa kuwaita. Jumamosi nakuja nanyi. Nitasimama kwenye ule mchanga, shingo yangu siku hizi haigeuki vizuri, na nitauliza nyuma kuna nini. Neema, mwanangu, uniambie.