Nyasi Zilizolala Lugalo

Harufu ya nyasi kavu zilizolowa umande hunirudisha Lugalo, pembeni mwa barabara kuu itokayo Iringa, msimu ule wa baridi ambao mama alikuwa amefariki na shule zimefungwa. Baba na mimi tulifika pale alfajiri kwa lifti ya lori la mbao, tumejifunika kitenge kimoja cha mama. Hapo ndipo Wahehe walipowavizia Wajerumani na kuwapiga vibaya, na mtoto wa Iringa huijua habari hiyo kabla hajajua kusoma. Mimi sikuona vita vyovyote. Niliona mteremko, mawe, vichaka na nyasi zilizonifika kifuani, na upepo ulionitoa machozi hata kabla sijalia. Kabla ya kuingia baba alivua kofia na kusema "Kamwene" kwa sauti, nami nikarudia, kwa sababu kwetu huingii walipolala watu bila kuwasalimia. Hakuna aliyeitikia, nasi tukaingia.

Baba alikuwa mpiga picha wa mjini: paspoti, harusi, kipaimara. Mama alipofariki, watu waliulizana nani atapiga picha za msiba, na shangazi mmoja akajibu, "Fundi si huyu hapa? Tukatafute mwingine wa nini?" Basi baba akapiga. Alipiga jeneza, akapiga shemeji zake wakilia, akanipiga mimi nimeshika shada la maua, na kila flashi ilipowaka watu walifumba macho. Alimzika mke wake jicho moja likiwa limefumbwa. Tuliporudi nyumbani aliichomoa ile flashi, akaiweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakumpiga mtu tena. Wateja walikuja, wakangoja, wakaondoka. Yeye akaanza kwenda Lugalo. Alisema anataka kuuona mteremko ule kwa mwanga uleule waliouona waliopigana pale, jua tupu, bila kuongeza kitu.

Mama mdogo, aliyekuwa na duka la vitenge Mbalizi, kule Mbeya, alikuwa ameshasema shule zikifunguliwa nihamie kwake. Baba hakukubali wala hakukataa. Nami, kwa akili zangu za kitoto, nilijiwekea hili: baba akinipiga picha hata moja kabla ya shule kufunguliwa, basi hataniacha niende. Na nafasi ilikuwapo kila asubuhi. Kipimo cha mwanga cha kamera yake kilikuwa kimekufa, kwa hiyo alinitumia mimi. "Kasimame pale mbele ya jiwe," alisema. "Geuza uso kwenye jua." Nilisimama, naye akautazama uso wangu muda mrefu, akizungusha lenzi ya kamera kwa vidole vyenye ganzi, mpaka kivuli cha pua yangu kikae anavyotaka. Muda huo nilikuwa na furaha kuliko mtoto yeyote Iringa. Kisha alisema, "Haya, toka, mwanangu." Nilitoka mbio, na mlio wa kamera ukanifuata kwa nyuma.

Barabarani kulikuwa na mama aliyeuza chai na viazi vya kuchemsha, naye hakuacha kututania. "Fundi, leo nyasi zimecheka?" Baba alitabasamu kidogo, tukanywa chai. Alikuwa mtu wa maneno machache hata mama alipokuwapo, ila zamani mama aliongea kwa ajili yetu sote. Sasa nilitamani aniulize chochote, hata habari ya jino langu lililokuwa likitikisika. Nilikaa ubavuni mwake na nilikuwa mpweke kabisa.

Siku ya mwisho filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Nilivaa sweta jekundu alilonifumia mama, nikachana nywele kwa maji. Mawingu yaligoma kuondoka, tukasubiri mpaka miguu ikauma, kisha jua likatoka mara moja. "Kasimame." Nilisimama. Alinitazama kuliko siku zote, na nikakiona kidole chake kimekaa kwenye kitufe.

"Baba, nipige," nikasema.

Akashusha kamera, akajifuta uso kwa kofia. "Siwezi, mwanangu. Toka."

Nikatoka. Kamera ikalia. Kesho yake alinipandisha basi la Mbeya pale Ipogolo, akanifunga vifungo vya sweta mpaka cha juu kabisa, akabaki amesimama chini ya dirisha, mikono mfukoni. Nililia mpaka Mafinga.

Leo ninafundisha Mbeya, na simu yangu imejaa picha za mwanangu: anakula, analala, anakataa kuvaa viatu. Nyingi sijazitazama mara ya pili. Baba alifariki kipindi cha mvua zilizopita, na kila aliyekuja msibani alipiga picha kwa simu yake. Kwenye kabati nilikuta zile picha za Lugalo, zimefungwa ndani ya kitenge cha mama. Nilizipanga kitandani kwa hasira niliyotoka nayo utotoni, maana zote zilikuwa mteremko mtupu. Ndipo nikaona kwamba katika kila picha, mbele ya jiwe, nyasi zimelala, upana wa mtoto mmoja. Kwenye ile ya mwisho majani mengine yametoka na ukungu kwa sababu yalikuwa bado yanainuka. Alikuwa akipiga papo hapo nilipotoka. Niliketi sakafuni, nikamlilia kwa mara ya kwanza.

Mwezi uliopita nilikwenda Lugalo peke yangu, nikafika kabla jua halijachomoza. Malori yameongezeka barabarani, na yule mama wa chai hayupo. Nilisema "Kamwene", nikapita katikati ya nyasi, ambazo sasa zinanifika kiunoni tu, nikasimama mbele ya jiwe na kugeuza uso. Jua lilinipasha shavu moja, kisha la pili. Nilisimama mpaka umande ukakauka, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Haya, toka, mwanangu."