Kobe wa Banda la Kuku

Rafiki yangu, juzi nilimwona pale Mikumi yule mwalimu aliyetufundisha utotoni. Nilikuwa nasubiri basi la Iringa, kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu yanapolala malori. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza chai, fimbo katikati ya magoti, na kila kijana aliyepita alimwamkia kwa adabu. "Marahaba, marahaba," anaitikia, shati limepigwa pasi, mvi nyeupe pe. Ungemwona ungesema huyu ndiye baba wa wote. Mimi nilimwona nikasikia harufu ya banda la kuku la bibi.

Nililelewa na nani kama si bibi? Alinichukua nikiwa mdogo, tukaishi naye kijijini Ulaya, hii yetu ya Kilosa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sukari ilirudi madukani, mitumba ikamwagwa gulioni, na kila aliyeweza kuongea haraka akawa mfanyabiashara. Sikatai, sabuni tulipata. Ila watu walianza kukitazama kila kitu kama wanakipima, hata vile ambavyo wazee wao hawakuwahi kufikiria kwamba vinauzika.

Bibi alikuwa na kobe. Alikaa bandani na kuku, mkubwa kama sufuria la ubwabwa, gamba lake limemeguka ubavuni pale babu alipompiga jembe kwa bahati mbaya akilima. Kwetu waliamini kwamba penye kobe kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hakiingii. Uvumi wa kideri ukisikika Tindiga au huko njia kuu, akina mama wa jirani walileta kuku wao kulala kwetu, wamewafunga miguu na kuwatia kwenye matenga. Wakishawafungulia kuku, wenyewe hawaondoki. Watakaa uani, watamenya mihogo, watasengenya mpaka chungu cha kande kiive, na moshi wa kuni mbichi utuchome macho sote. Bibi aliinuka kidogo machoni pa watu siku hizo, nakwambia. Hakuwa na ng'ombe wala mtoto mjini, lakini banda lake lilihitajiwa. Jioni alinipa maganda ya papai akanitania: "Mke mwenzangu, kampe mume wetu ale."

Sasa mwalimu. Shuleni tulikuwa na kazi za mikono, mchana mmoja kila wiki, tulikuwa tunalima shamba la shule. Akaja mnunuzi na pikapu kutoka Morogoro, anataka wanyama watambaao na vyura, wazima, wapelekwe ng'ambo wazungu wakawafuge vyooni mwao au popote wanapowafuga. Kuanzia hapo majembe yakapumzika. Tulitumwa porini. Wavulana walipinda migongo kwenye majaruba ya mpunga wakifumba viganja juu ya vyura. Sisi wasichana tulipewa vinyonga wa kwenye mbaazi, na kinyonga hakuna aliyethubutu kumgusa, maana mama zetu walishatuambia ngozi itababuka. Basi unasogeza kijiti mbele yake, taratibu, unangoja apande mwenyewe huku akikukodolea jicho moja, kisha unatembea naye mpaka shuleni umenyoosha mkono mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nilipenda ule ungojaji, nakiri, na harufu ya mbaazi zilizolowa mvua. Ila ukirudi bila kitu, mwalimu alikuwa na fimbo na msemo wake. "Mkono mtupu haulambwi," anasema, halafu anakuchapa.

Kobe ndio waliokuwa adimu. Na kijiji kizima kilijua yuko wapi mmoja.

Alikuja mwenyewe, mchana, bibi anapepeta mchele. Mwalimu alikuwa mdogo kwa bibi kama mtoto wake wa mwisho, na siku zote akipita aliamkia vizuri. Siku hiyo alisimama mlangoni pa uzio akasema, "Habari za hapa." Hivyo tu, bila shikamoo. Kisha akamwambia kwamba yule kobe ni mali ya serikali, kwamba askari wa wanyamapori wa Mikumi wanapita nyumba kwa nyumba, na anayekutwa na mnyama anafungwa. Yeye, kwa wema wake, atamrudisha mbugani kimyakimya.

Bibi aliogopa. Watu wa upande ule wanajua maana ya askari wa wanyamapori. Alimtoa kobe bandani kwa mikono yake, akamtia kwenye mfuko wa salfeti, na akamkamatia mwalimu jogoo juu yake kwa kumshukuru.

Kesho yake nilimwona kobe kwenye pikapu ya mnunuzi, nyuma ya madarasa, kasha moja na wenzake, ubavu uleule uliomeguka. Nilikimbia nyumbani. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye pumba. "Nyamaza. Utatufungisha."

Msimu uleule kideri kikapita kijijini. Kama kobe alikuwa kinga au hakuwa, waulize madaktari wa mifugo. Ninachojua ni kwamba akina mama walikuja na matenga yao, wakakuta banda halina kobe, na bibi hakusema kitu. Wakajijibu wenyewe kwamba kizee kimeuza kobe na kula peke yake. Kuku wao wakafa, na mihogo ikamenywa kwingine. Bibi aliitwa mchoyo mpaka tukamzika, na waliomwita hivyo ndio walioimba kaburini. Mimi alininyamazisha, na nilikuwa mtoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kumlalamikia mwalimu kwa ajili ya kobe. Alilolirudia, hata akiwa kitandani, lilikuwa jambo jingine. "Siku ile hakuniamkia."

Sasa banda limeanguka, mbaazi hazilimwi tena upande ule, na sijui kama kuna mtoto anayejua kumngoja kinyonga. Nyumba aliyojenga mwalimu ipo, ina bati, inaonekana kutoka njiani.

Basi pale Mikumi nilimsogelea. Wewe unanijua, naamkia hata wanaonizidi miaka miwili. Nilisimama mbele yake, mkoba begani, kondakta ananiita. Muuza chai aliacha kukoroga akanitazama. Nikamwambia mzee yule, kwa sauti ya kutosha, "Habari za hapa."

Aliinua uso, akatabasamu, akanyoosha mkono nimshike.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Hata hiyo akachukua.