Nundu za Soda kwenye Karatasi ya Baridi

Baya Kaingu hakupendwa sana kazini, kwa sababu aliandika yaliyotokea. Alitoka bara ya Kwale, kwa wafuga mbuzi. Mwaka 1965 alikuwa karani wa majaribio katika kiwanda cha barafu huko Msambweni, ambako samaki wa vijiji vya Bodo na Majoreni walihifadhiwa kabla ya kupelekwa hoteli za Diani.

Mwaka huo chumba cha baridi kilifungiwa chombo kipya. Kalamu yake ilichora mstari juu ya karatasi ya mviringo iliyozunguka mara moja kwa wiki. Mlango ukifunguliwa na joto likaingia, mstari ulipanda ukafanya nundu. Hakuna aliyehitaji tena kuchungulia kipimajoto kila saa na kuandika daftarini, au kudai kwamba ameandika.

Wiki ya pili karatasi mpya ilikutwa nyeupe. Seifu, mchukuzi, alikuwa ameipangusa kwa kitambaa cha maji, kama alivyozoea katika chuo cha Kurani kuosha ubao baada ya kusoma sura yake.

"Nimeshaisoma, Bwana Karani," alisema, "nikaiosha ipate kuandikwa nyingine."

"Umesoma nini?"

"Mstari. Mzuri tu."

Meneja, Bwana Chande, ambaye tangu uhuru alikuwa amerithi kiti cha Mzungu pamoja na kikohozi chake, akamwita Baya.

"Andika maelezo ya chombo yabandikwe mlangoni. Mnunuzi wa hoteli anakuja Alhamisi, hachukui samaki wetu mpaka ayaone. Seifu akiyaelewa, natia sahihi barua yako ya kuthibitishwa kazini. Asipoelewa, mbuzi wenu wanakungoja."

Majaribio ya Baya yalikuwa yanamalizika Ijumaa. Aliandika namna ya kuweka karatasi, namna ya kutia wino, na kwamba karatasi haioshwi. Kisha akaona kuwa mtu hawezi kujifunza kusoma mstari bila mfano, akabandika karatasi ya wiki iliyopita na kueleza kila nundu. "Jumatatu asubuhi: samaki wa Bodo wameingizwa. Nundu ndogo, ya halali. Jumamosi adhuhuri: kreti sita za soda za harusi ya shemeji wa meneja. Mlango wazi nusu saa. Nundu kubwa."

Seifu aliwasomea wenzake kwa sauti ya khutba.

"Hii ya Jumamosi," alisema, "hata asiyejua kusoma ataielewa!"

Vicheko vilimleta Chande mbio. Alisoma, akakohoa.

"Baya, nisitiri, ndugu yangu. Harusi ni ya watu."

"Harusi haina neno, bwana. Chumba ndicho cha samaki."

"Toa karatasi hii. Chora mduara safi, usio na nundu hata moja."

"Chombo hakichori hivyo."

"Chombo hakiombi kazi hapa. Wewe ndiye unayeomba."

Baya akaenda akachora mduara, safi kama sahani mpya. Chini yake akaandika maelezo, maana mfano bila maelezo haufundishi: "Karatasi ikitoka hivi, ama kalamu imeinuliwa, ama Seifu ameiosha, ama kiwanda hakikufanya kazi wiki nzima."

Chande aliisoma Alhamisi asubuhi, mnunuzi akiwa tayari anashuka garini. Mkono mmoja ulishika mduara, mwingine ulishika karatasi ya soda za shemeji. Nafasi ya kuandika maelezo ya tatu haikuwapo. Alitazama huku, akatazama huku, kisha kwa mkono wake mwenyewe akazibandika soda mlangoni.

Mnunuzi alisoma polepole, kidole juu ya nundu kubwa.

"Na samaki wa Jumamosi?"

"Walibaki wagumu," Baya alijibu. "Tazama, nundu haikufika mstari huu mwekundu, ambapo samaki huanza kulainika. Ingefika, tusingekuletea."

"Na ingefika, ungeandika?"

"Angeandika!" wachukuzi walijibu kwa pamoja, wala hawakuwa wakimsifu.

Mnunuzi akakubali kuchukua samaki. Chande alitia sahihi barua ya Baya akiwa ametazama dirishani, ndiyo maana jina lake lilipanda mlima hadi juu ya muhuri.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi nyingine ya ukoo wa meneja. Soda zilipozwa kisimani. Zilinyweka vuguvugu, na bibi harusi aliolewa vilevile.