Heringi Katika Bakuli la Maziwa

Shangazi yangu Chepkurui alipika samaki miaka mingi bila kumla hata mmoja. Kwao, juu ya Molo, samaki alihesabiwa pamoja na nyoka. Lakini katika nyumba ya Memsab Lipman, Myahudi ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa mjini Nakuru, Sabato ilifunguliwa kila Ijumaa jioni kwa heringi, samaki wa baharini aliyehifadhiwa kwa chumvi. Alilowekwa usiku kucha, akatolewa miiba, akakatwakatwa pamoja na mayai ya kuchemsha, kitunguu, tufaha na mkate uliochovywa kwenye siki.

Ijumaa moja ya mwaka 1955, mkebe wa heringi ulicheleweshwa na treni, ukafika asubuhi ile ile. Jioni mama mkwe wa Memsab angekuwa mezani. Alikuwa amekwisha sema kwamba akiona kosa moja tu jikoni, atamleta mpishi wake kutoka Nairobi. Shangazi angefunga virago, arudi kubanana kwenye kibanda cha kaka yake.

Alibadilisha maji tena na tena. Adhuhuri akamwita Wamalwa, mtunza bustani, aje kumwonjea.

"Mpishi gani wewe, unaogopa samaki aliyekufa?" Wamalwa alicheka, akatia kipande mdomoni, akakitema. "Mama yangu! Hii ni chumvi ya ng'ombe. Huyo mama mzee atakunywa ziwa lote, na magadi yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaribu maziwa. Maziwa hupoza kila kitu."

Akachukua bakuli la buluu, lile la maziwa, kwa maana katika nyumba ile maziwa na nyama havikuliwa mlo mmoja, na hata vyombo vyake havikukutana. Sheria hiyo haikuwahi kumshangaza; hata kwao, aliyekula nyama hakunywa maziwa siku hiyo. Na samaki, kwake, hakuwa nyama. Akamzamisha, akageukia vitunguu.

Alasiri Wamalwa alionja tena, akalamba kidole. Shangazi akachanganya kila kitu, kisha akafungua jiko kumgeuza kuku. Harufu ya mafuta ikampiga usoni, ndipo akakumbuka. Heringi alikuwa amekunywa maziwa, na baada yake, meza ile ile, angefuata kuku.

Hakuna aliyeona. Wamalwa alijua, lakini hakuelewa. Heringi mwingine hakuwapo. Gari lilikuwa limeingia uani, na sauti ya mama mkwe ilikuwa ikiuliza mbona waridi zimekauka hivyo.

Shangazi alimfikiria mama yake, aliyekuwa radhi kumwaga kibuyu kizima kuliko kumdanganya mgeni juu ya maziwa. Akajifuta mikono, akaenda sebuleni.

"Memsab, nimeharibu. Heringi nimemloweka kwa maziwa."

Memsab alibadilika rangi. Dirishani, jua lilikuwa linakaribia milima ya Mau; likizama, Sabato ingeanza na kupika kungekwisha. Mama mkwe akaweka mkoba wake chini.

"Na kuku?"

"Yuko jikoni, mama. Hawajagusana."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo, mama. Na nyinyi mngekula."

Mama mkwe alimtazama mpaka Shangazi akainamisha macho.

"Kuku akae mpaka kesho," akasema hatimaye. "Leo tule heringi, viazi na jibini." Kisha akamgeukia mkwewe. "Huyu abaki. Yule wangu wa Nairobi angenyamaza."

Usiku sahani ya heringi ilirudi jikoni tupu. Shangazi aliinusa, akakunja uso, akaiosha kwenye karai la vyombo vya maziwa.