Fundi Wubalem Asokota Koili Zake Mwenyewe

Saa tatu asubuhi mjini Debre Markos, Ethiopia, mlango wa karakana umejaa akina mama waoka injera, ule mkate mpana mwembamba wa chachu. Wubalem Tafere, binti fundi wa majiko ya umeme, anabonyeza swichi kisha anarudi nyuma.

"Unalikimbia jiko lako mwenyewe?" Mama Asnakech, muuza injera wa stendi ya mabasi, anamchokoza.

"Nakupisha wewe, mama. Moto hauna adabu."

Wote wanacheka, lakini Wubalem haondoi macho kwenye jiko. Kwa miaka sita alinunua koili, nyaya za kupasha jiko moto, zilizosokotwa nje ya nchi. Tangu mwaka jana zimeadimika, na hata zilipopatikana, ziliunguza injera katikati na kuiacha mbichi pembeni.

Safari hii amesokota zake. Alipindua baiskeli kuukuu magurudumu juu. Mkono mmoja ulizungusha pedali, mwingine uliongoza waya ujisokote kwenye spoku inayozunguka. Za pembeni amezibana zaidi, ili moto ufike sawa hadi ukingoni.

Zikikataa leo, atafunga karakana na kumfuata dada yake Beirut, kwenye kazi za ndani.

"Dada kashanitafutia nafasi," anasema. "Lakini mimi sitaki kufua nguo za watu, nataka kuchafua zangu."

Mama Asnakech anamimina rojo lililochachuka la teff, nafaka ndogo sana, juu ya bamba la udongo la jiko, mviringo kwa mviringo, anafunika. Anapofunua, injera imeng'ang'ania bamba. Inachanika vipande vipande.

Mama Asnakech anamgeukia fundi.

"Wewe Wubalem! Hili bamba jipya umelisugua kwa mbegu za kabichi ili injera isinase?"

Fundi anashika kichwa. Kwa kuhangaikia koili, amesahau jambo ambalo kila bibi harusi wa huku Gojjam hufundishwa mapema.

"Ndiyo maana huolewi!" mmoja wa akina mama anapaza sauti, na kicheko kinarudi.

Mbegu zinatwangwa, bamba linasuguliwa hadi linang'aa. Injera ya pili inatoka nzima. Mama Asnakech anaiinua mwangani: vijitundu vimejaa kutoka katikati hadi ukingoni, kote sawa. Anamega kipande, anakichovya kwenye mchuzi wa dengu, anamlisha Wubalem kwa mkono wake.

"Kula, fundi. Mimi nachukua majiko mawili."

Wengine watano wanaagiza papo hapo.

Sasa Wubalem anataka kuwasokotea koili mafundi wote wa mji, na kuwafundisha wasichana wawili kazi hiyo. "Zitoke hapa, zikiharibika tuzitengeneze hapa," anasema, mdomo umejaa.

"Tafuna kwanza," Mama Asnakech anamwambia. "Halafu uniwashie na hilo jiko lingine. Wateja wangu wana njaa."